Wimbo Uliotazamwa Bila Sauti

Nyumbani,
Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa kaka aliyekubeba mgongoni ukiwa hujui kutembea, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako likiwa limetulia na zamu za wodini zikiwa zimepungua. Niambie kweli kuhusu hilo goti. Usiniandikie tena kwamba unaendelea vizuri, maana hayo ndiyo uliyoniandikia hata wiki ile uliyolazwa. Sisi huku hatujambo. Jicho langu la kushoto limepona baada ya kupasuliwa, nasoma bila kukunja uso. Bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji tangu ulipoondoka limetengenezwa na binti yako kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilimshikia spana tu, tena nikaambiwa naishika vibaya.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Simu nimejaribu mara tatu wiki hii. Kila nilipoisikia sauti yako nilikuuliza habari za mvua, na ulipotaka kujua kama kuna jambo, nikasema hakuna. Karatasi hainiruhusu kukwepa kwa urahisi hivyo. Miaka thelathini na minne katika chumba cha usahihishaji cha kiwanda cha uchapaji ilinizoeza kwamba sentensi ikishaanza lazima imalizike. Basi nivumilie nikianzia mbali kidogo, ingawa baraza la wazee wa kanisa linakaa leo saa kumi alasiri.

Binti yako ameniambia kwamba amekwisha kukuandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba baraza limemsimamisha kufundisha darasa la watoto kwa ajili ya wimbo. La pili, kwamba hataki tena kwenda chuo cha ualimu, ingawa nafasi ameipata na chuo kinafunguliwa baada ya wiki mbili, kwa sababu mjomba wake ameanza kupoteza kumbukumbu na si wa kuachwa peke yake. Mambo hayo mawili yana shina moja, na unastahili kulijua kutoka kwangu.

Unakumbuka tunavyofanya kazi katika kamati ya nyimbo. Wimbo wowote mpya huletwa ukiwa umeandikwa kwenye karatasi moja, maneno matupu, bila jina la mtungaji. Kanuni hiyo tuliiweka tangu mke wa mwenyekiti alipotunga wimbo wa beti kumi na tisa na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba umezidi. Wasomaji tulikuwa wawili, mimi katibu na marehemu mwalimu wa kwaya. Wimbo ukifaa, napiga mhuri, natia sahihi, na karatasi inabaki ofisini katika jalada la kijani. Mtungaji hapewi karatasi, maana zamani watu walikuwa wakitembea nazo mifukoni kama vyeti. Mwalimu wa kwaya humwambia kwa mdomo tu kwamba umepita, na basi.

Binti yako anaimba na wenzake watatu. Mpiga ngoma ni fundi wa kuchomelea vyuma, na magitaa yanapigwa na dada wawili wanaouza katika duka la dawa. Jumamosi, fundi akishafunga kazi, hufanya mazoezi katika karakana yake, katikati ya mageti na madirisha yanayosubiri rangi. Muziki wao ni mzito na wa kasi, wenyewe wanauita pawa metali, na maneno yake yote ni ya imani. Mimi niliwahi kupita nje ya karakana hiyo nikadhani wanakata mabati. Nilimwambia binti yako hivyo, naye akacheka mpaka akakaa chini, akasema nikija siku nyingine nibishe hodi kwa nyundo.

Miezi miwili iliyopita walitengeneza video ya wimbo wao unaoitwa Mlinzi wa Lango, wakaiweka mtandaoni. Mlezi wa kwaya ya akina mama aliiona kwenye simu ya mwanawe, akaileta mbele ya baraza. Siku hiyo, upande wa pili wa ukuta, mchungaji alikuwa ameketi na familia iliyofiwa, kwa hiyo mwenyekiti akaagiza sauti izimwe kabisa. Ndivyo wazee kumi na mmoja tulivyoutazama ule wimbo, tumebanana mezani, simu imeegemezwa kwenye glasi ya maji, kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya maabara.

Ukiutazama bila sauti, mdogo wangu, unaona nini? Moshi. Nywele zinarushwa huku na huku. Cheche za moto zinamwagika nyuma ya mpiga ngoma. Watu wenye vinyago vyeupe wanapanda kilima cha machimbo ya mawe, na juu yao yupo mmoja aliyevaa mabati kuanzia kichwani hadi miguuni. Mwishoni anavua kofia ya chuma, na ni binti yako, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtiririka, na hatujui anasema nini. Mwenyekiti aliuliza kama vijana hawa walikuwa wanafukuzwa na nyuki. Mzee fundi saa akasema yeye kwa kutazama tu shingo imeanza kumuuma. Mlezi wa akina mama hakucheka. Alisema mtoto aliyelelewa na Mzee Nukta, ambaye mwaka juzi tu aliwatoa vijana ibadani kwa kosa la kuleta gitaa la umeme, asingetarajiwa kufika hapo. Mzee Nukta ndiye mimi, kama hujui bado jina nililopewa.

Wakamwita binti yako. Alieleza kwa adabu kwamba maneno ya wimbo ni yake, kwamba yalipita kwenye kamati, na kwamba mwalimu wa kwaya alimwambia yamepigwa mhuri. Mwalimu wa kwaya, kama ujuavyo, tumemzika. Wote wakanigeukia. Nikajibu kwamba sikumbuki wimbo huo kupita mikononi mwangu. Jalada la kijani likaletwa, likapekuliwa mara mbili, karatasi haikuonekana. Mwenyekiti akamwambia binti yako kwamba kelele zinaweza kusamehewa, lakini kumsingizia maiti ni jambo jingine, na kwamba chuo kile cha kanisa hakipokei mwanafunzi bila barua ya baraza. Wakampa mwezi mmoja ajirekebishe na kukiri kwamba alidanganya. Mwezi huo unaisha leo.

Unajua alichofanya? Hakujitetea tena. Alinitazama, kisha akawaambia wazee kwamba mjomba wake amepasuliwa jicho juzi tu, ana umri mkubwa, na kusahau si dhambi. Akawaomba wasiniulize zaidi. Akasema wakitaka kumwadhibu yeye wamwadhibu, lakini mimi waniache nipumzike. Tukatoka. Njiani alinishika mkono kila tulipovuka barabara, mimi ninayeijua barabara hiyo kuliko kiganja changu.

Tangu siku hiyo ndani ya nyumba hii natunzwa kama yai. Kila kopo jikoni limebandikwa kikaratasi: sukari, chumvi, majani ya chai. Mlangoni pameandikwa nikague jiko kabla ya kutoka. Dawa za jicho zimepangwa kwenye trei kwa siku zake. Kikaratasi kimoja alikikosea herufi, nami, Mungu anisamehe, nilikisahihisha kwa penseli. Alipokiona alifurahi sana, akasema anaona dalili njema.

Halafu ikaja habari ya muziki. Alisoma mahali kwamba muziki huamsha kumbukumbu za wazee. Akaniuliza napenda upi, nikamwambia zile tenzi za kwaya ya utotoni mwetu, lakini hakuzipata zile zenyewe, basi akaniomba radhi na kusema ataanza na anaoujua yeye. Kila siku saa tisa alasiri tunaketi kwenye meza ya jikoni, tumegawana vispika vya masikioni, kimoja kwangu, kimoja kwake, na simu imesimama kati yetu.

Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilianza kuhesabu, kwa sababu mtu aliyezoea kusahihisha hawezi kukaa bila kuhesabu kitu. Nikagundua kwamba mpiga ngoma hapigi ovyo. Miguu yake miwili inakimbia kwa mpango, kama cherehani ya fundi hodari, na mikono juu inatembea polepole kwa hesabu nyingine, wala hazigombani. Siku ya tatu binti yako aliniambia niyasikilize magitaa mawili. Yanapiga wimbo ule ule, moja juu na jingine chini yake kidogo, yanapanda pamoja na kushuka pamoja, sawasawa na sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya. Nilimwambia hiyo ni kazi ya kwaya. Akaniambia kwa upole kwamba ndivyo alivyokuwa akijaribu kuniambia tangu akiwa darasa la saba.

Ameniwekea makundi ya nchi mbalimbali, hata za baridi kali. Katika video moja wanaume wanne wenye ndevu wanapiga magitaa juu ya theluji, na nikauliza umeme wanautoa wapi, maana sioni waya. Aliniomba nisiwe msahihishaji hata kwenye theluji. Katika nyingine kuna bibi kizee anawasha taa katika jengo lililobomoka, taa moja baada ya nyingine, na mwimbaji anapandisha sauti kila taa inapowaka, mpaka ya mwisho unadhani paa litaondoka. Lugha yao siielewi hata neno moja. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Zamani nilidhani sauti kubwa ni ukosefu wa heshima. Watu hawa wanaimba kama watu waliookolewa kutoka kwenye maji dakika ile ile, na sioni kwa nini mtu wa namna hiyo aimbe taratibu.

Mlinzi wa Lango aliniwekea siku ya tisa. Alikuwa na wasiwasi, akaniuliza kama niko tayari. Nikautazama upya, safari hii kwa masikio. Wimbo unamhusu mlinzi aliyebaki peke yake langoni wenzake wote walipokimbia. Katika ubeti wa kwanza anaogopa. Katika wa pili anawaonea haya waliomo ndani waliomwamini. Magitaa yanamzunguka, ngoma zinamsukuma, na wale wenye vinyago wanakaribia. Kwenye kiitikio sauti ya binti yako inapanda na kukaa juu. Nilipima kwa saa ya ukutani, sekunde kumi na nne bila kutetereka. Kisha vyombo vyote vinanyamaza, na mlinzi anatambua kwamba Bwana mwenye mji alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, amemshikia taa. Vinyago vinaanguka chini, ndani yake hamna watu. Anavua kofia ya chuma, na mdomo ule tuliouona wazi barazani, tukadhani unatukana, unatoa shukrani. Zile cheche ni za kijana anayemsaidia fundi karakanani, anachomelea geti. Alimaliza kulichomelea wakati wimbo unakwisha, kwa kuwa mteja alikuwa analisubiri, na binti yako anasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya video iliyolipiwa.

Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaomba urudiwe. Na katika kurudia huko ndipo lilipotokea lililonifanya niandike barua hii. Binti yako alikuwa ananitazama usoni badala ya kutazama simu. Ubeti wa pili ulipokaribia, kabla yeye hajaanza kuimba, midomo yangu ilitangulia. Niliyatamka maneno yote ya ubeti ule kwa mpangilio wake, kimyakimya, na sikujua kwamba nayatamka. Alisimamisha wimbo. Nilidhani yamekwisha, nimeshikwa. Lakini yeye alinikumbatia shingoni, akalia, akasema kumbukumbu inarudi, Mjomba, inarudi, nilijua haijapotea yote. Akasema atakiandikia chuo kwamba haendi, kwa sababu dawa imeanza kufanya kazi na si wakati wa kuiacha.

Kumbukumbu yangu haijapotea hata kidogo, mdogo wangu. Haijawahi kupotea.

Karatasi ya wimbo ule niliipokea mwezi wa tatu. Niliisoma mara nne. Nilisogeza koma mbili, nikapiga mhuri, nikatia sahihi, na pembeni nikaandika kwa wino kwamba maneno haya yasibadilishwe hata moja, na kwamba aliyeyatunga ameujua uoga na ameishinda aibu. Sikujua ni nani. Nilidhani ni mtu mzima wa makamo yetu. Mwalimu wa kwaya aliniambia tu kwamba mtungaji angefurahi kama angejua ni nani aliyemsifu, nami sikuuliza. Kisha siku moja kabla ya baraza kukaa, nilikutana na mlezi wa akina mama mbele ya duka la vitabu, akaniambia kesho ataonyesha video ya aibu, akanitajia jina la wimbo. Nilienda ofisini moja kwa moja, nikafungua jalada, nikaichomoa karatasi, nikaikunja mara mbili, nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Kwa hiyo nilipowaambia wazee kwamba sikumbuki, karatasi ilikuwa kifuani pangu. Nilikuwa naisikia inakwaruza nilipopumua.

Niliogopa nini? Mwenyekiti amekuwa akitafuta namna ya kusema kwamba macho yangu hayafai tena kwa ukatibu. Na wale vijana wa gitaa la umeme, ambao niliwatoa ibadani mimi mwenyewe, nilijua wangecheka. Ndivyo vitu vilivyokuwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili alikuwa binti yako, na nilimwacha aitwe mwongo mbele ya watu kumi na mmoja. Kisha aliponionea huruma, niliipokea huruma yake. Nimeila mwezi mzima. Nimeketi mezani naye kila alasiri nikijifanya mgonjwa wa ugonjwa ambao watu wengine wanao kweli, na lililo baya zaidi, nilikuwa naisubiri saa tisa ifike, kwa sababu muziki ule naupenda.

Sitakuomba unisamehe katika barua hii, kwa kuwa aliyekosewa kwanza si wewe. Ninachokuomba ni kwamba usimruhusu aahirishe chuo, hata akikuambia kwamba mjomba anamhitaji. Mjomba anajua sukari iko wapi. Leo saa kumi nitakwenda na karatasi hiyo, nitawaonyesha mhuri, nitaisoma kwa sauti pamoja na maneno yangu ya pembeni, kisha nitawaomba wazee wautazame tena ule wimbo, safari hii bila kuzima sauti. Sijui watafanya nini. Wanaweza kunitoa katika ukatibu, na wana haki. Wanaweza kukasirika na mimi wakamnyima yeye barua, na hilo ndilo linalonikosesha utulivu, maana karatasi inaonyesha kwamba hakudanganya, lakini haiwezi kuwalazimisha wapende magitaa.

Jambo gumu kuliko baraza ni kwamba binti yako bado hajui. Yuko jikoni sasa hivi, anaosha vyombo na kuimba ile sauti ya chini ya gitaa la pili, kwa sababu anasema ya kwanza kila mtu anaijua. Mara mbili nimesimama mlangoni nikarudi kukaa. Kwa mdomo sitaweza. Ningeanza kumuuliza habari za mvua. Kwa hiyo barua hii sitaifunga. Nikishatia sahihi nitampa ikiwa wazi aipeleke posta, na nitamwambia aisome kwanza, yote, kisha aamue mwenyewe kama itumwe. Ikiwa imekufikia, basi ujue ni yeye aliyelamba bahasha.

Wasalimie wenzako wa wodini, na yule jirani yako anayekuletea supu unapougua. Mwambie nduguzo tunamkumbuka. Usipande ngazi kwa haraka. Ukipata nafasi, mpigie simu yeye kabla yangu.

Ni mimi kaka yako,
mjomba wa binti yako.